Pembe Iliyogusa Ardhi

Wahenga walisema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hii aghalabu hutumiwa kumkumbusha mtu kwamba shibe iliyopita haifukuzi njaa iliyopo. Lakini mwanahistoria aisikiapo husimama penye nusu yake ya pili. Kwake yeye maneno hayo si dhihaka bali ni swali, tena swali la haki, na nyuma yake yamo maswali mengine. Alichokula mla jana kilitoka katika nchi gani? Kilipita mikononi mwa nani? Na nchi ile ilibakiwa na nini baada ya sahani kuondolewa? Fikira za mazingira, ambazo siku hizi zimepata vitabu vingi, mikutano mingi na sheria nyingi, zilichelewa sana kuuliza hayo. Kwa muda mrefu zilimtazama yule akataye mti na yule auaye mnyama. Mlaji, kwa kuwa alikaa mbali na mikono yake ilikuwa safi, hazikumwona.

Katika bidhaa zote zilizopata kutoka Afrika ya Mashariki, hapana inayolidhihirisha jambo hili kama pembe ya ndovu. Biashara yake ni ya kale. Kitabu cha uongozi wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, kijulikanacho kwa jina la Periplus, kinataja pembe miongoni mwa bidhaa za bandari ya Rhapta katika mwambao huu. Katika karne ya 10 al-Masudi, msafiri na mwandishi aliyezaliwa Baghdad, alieleza kwamba pembe za nchi ya Zanji zilipelekwa Omani, na kutoka huko zikaenda Bara Hindi na China. Kwa karne nyingi mlaji mkubwa alikuwa Bara Hindi, ambako bibi arusi katika nchi kadha alivikwa bangili za pembe. Bangili hizo hazikurithiwa daima kama dhahabu. Mara nyingi mke alipofiwa na mumewe zilivunjwa. Kwa hiyo kila arusi ilitaka pembe mpya, na haja haikukoma. Hata hivyo haja hiyo, ingawa ilikuwa ya kudumu, ilikuwa na kiasi; ndovu walikuwa bado wakipatikana si mbali sana na pwani.

Karne ya 19 iliondoa kiasi hicho. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said alitia saini mapatano ya biashara na Marekani, na merikebu za Salem, bandari ndogo ya Massachusetts, zikazidi kutia nanga Unguja. Zilileta nguo ya pamba isiyotiwa rangi ambayo watu wa pwani na bara waliipa jina la nchi ilikotoka, wakaiita merikani. Zilirudi na pembe, ngozi na sandarusi. Mwanahistoria Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe za Unguja, alionyesha siri ya mvuto wa biashara hiyo: bei ya pembe iliendelea kupanda miongo kwa miongo, na bei ya nguo za viwandani haikupanda nayo, bali ilielekea kushuka. Pengo kati ya bei hizo mbili ndilo lililovuta misafara kutoka pwani hata Tabora, kutoka Tabora hata Ujiji, na kutoka Ujiji hata Manyema. Kila pembe iliyouzwa ilinunua nguo nyingi zaidi ya mwaka uliotangulia, na kila mwaka ndovu walikuwa mbali zaidi.

Lugha yenyewe imehifadhi ushahidi wa jambo hili. Wafanyabiashara wa Unguja waliainisha pembe kwa majina mengi. Pembe ndogo ziliitwa kalasha na buri, kwa kadiri ya uzito wake. Lakini zile zilizochaguliwa kwa soko la Ulaya na Marekani ziliitwa bab ulaya, na zile zilizochaguliwa kwa Kachi na Bara Hindi ziliitwa bab kachi. Msomaji na ayatie maanani majina haya mawili. Pembe iliyokuwa imelala katika ghala la Unguja, iliyotoka labda Ugogo, labda Unyamwezi, labda ng'ambo ya ziwa Tanganyika, haikuchukua jina la nchi iliyoizaa. Ilichukua jina la nchi itakayoitumia. Hata kabla ya kupakiwa chomboni ilikuwa imekwisha kusahau kwao.

Lakini huko kwao ilikuwako kanuni ambayo haikusahau. Katika nchi nyingi za bara palikuwa na ada moja, ijapokuwa ilitofautiana hapa na pale: ndovu akianguka, pembe ya upande uliogusa ardhi ilikuwa ya mwenye nchi, yaani mtemi au mkuu wa mahali, pembe ya upande wa juu ilikuwa ya mwindaji. Ada hii haikuwa sheria ya hifadhi kwa maana inayotumika leo. Haikuweka idadi ya ndovu wa kuuawa, wala haikukataza kuua. Lakini ndani yake imo fikira nzito. Ushujaa wa mwindaji, sumu ya mshale wake na taabu ya nyayo zake vilitambuliwa na kulipwa. Ila havikuhesabiwa kuwa ndivyo vilivyomuumba ndovu. Ndovu alikuzwa na nchi: alikula miti yake, akanywa maji yake. Kwa hiyo nchi ilikuwa na haki ya nusu, na ardhi yenyewe, kwa kuguswa na mzoga, ilichagua nusu yake. Mtemi aliipokea kwa niaba ya nchi, naye alikuwa na madeni kwa nchi hiyo hiyo: kulisha wageni, kusaidia wenye njaa, kusimamia matambiko ya mvua.

Haifai kuipamba ada hii kupita kiasi. Pembe ilipopata bei kubwa, nusu ya nchi ikawa hazina ya mtawala. Watemi waliitumia kununua bunduki, baruti na nguo. Kwa bunduki walipata askari, na kwa askari walipata pembe nyingine. Ada iliyokuwa imemfunga mtawala kwa nchi yake ikawa ndiyo mlango wa biashara. Maneno ya kanuni hayakubadilika: pembe iliyogusa ardhi bado ilikuwa ya mwenye nchi. Kilichobadilika ni njia iliyoifuata. Tangu hapo pembe zote mbili zilishuka pwani.

Wala si kweli kwamba mlaji alikuwa ni mgeni peke yake. Watu wa bara hawakupokea kila kitu walicholetewa. Walichagua. Ushanga uliopendwa katika nchi moja ulikataliwa katika nchi ya pili, na mfanyabiashara aliyekosea rangi au ukubwa aliweza kurudi na mizigo yake kama alivyokwenda nayo. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu alichokitoa mwaka 2008, alithibitisha kwamba upendeleo wa walaji wa Afrika ya Mashariki uliamrisha viwanda vya mbali, vya Salem na vya Bombay pia. Hili ni jambo la kumpa heshima Mwafrika wa karne ile, kwamba alikuwa mnunuzi mwenye akili na wala si mpokeaji wa takataka. Lakini heshima ina gharama yake: aliyechagua merikani aliilipa kwa ndovu. Mwenye hiari hawezi kuvikwa hiari yake siku ya sifa na kuvuliwa siku ya hesabu.

Hesabu hiyo iliandikwa juu ya nchi. Wasafiri waliofika Manyema mapema walieleza kwamba pembe zilitumika huko kama nguzo za nyumba. Miaka michache baadaye zilikuwa zimechukuliwa. Hamed bin Muhammed, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na masimulizi yake ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya maisha ya mtu katika lugha hii. Humo pembe huhesabiwa kwa frasila, safari baada ya safari, vita baada ya vita. Ndovu aliye hai ni nadra kuonekana. Kusogea kwa mpaka wa ndovu kuelekea bara, ambako zamani kulijulikana kwa maandishi ya wasafiri tu, sasa kumepata ushahidi mwingine. Mwaka 2016 watafiti walitoa matokeo ya kupima alama za kikemia zilizomo ndani ya pembe kuukuu za karne ya 19, alama zinazotokana na majani na maji ya mahali ndovu alipoishi. Pembe ambazo zilipotezewa kwao na majina ya soko zimeanza tena kutaja kwao.

Ndovu hakuondoka peke yake. Yeye ni mkulima asiye na jembe: huangusha miti, hufungua vichaka, huchimba maji katika mito iliyokauka, husambaza mbegu. Baadhi ya wanahistoria wameeleza kwamba alipotoweka, mahali pengi vichaka vilisongamana, na katika vichaka makao ya ndorobo yakaongezeka. Ndovu hakuwa sababu pekee. Katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki, njaa na ndui zikafuata, mashamba yakaachwa na pori likarudi. Lakini yafaa kukumbukwa kwamba lile pori ambalo baadaye wageni waliliita nyika isiyoguswa na mtu lilikuwa kwa sehemu kubwa mabaki ya karamu.

Sasa na aandamwe mlaji kwake. Katika bonde la mto Connecticut nchini Marekani kuna mji uitwao Deep River, na karibu nao kuna kijiji kilichoitwa Ivoryton, maana yake mji wa pembe. Tangu mwisho wa karne ya 18 mafundi wa huko walikuwa wakikata vitana vya pembe kwa mashine. Piano ilipoenea katika nyumba za watu wa hali ya kati, viwanda viwili vya mahali hapo, Pratt, Read na Comstock, Cheney, vikawa wakataji wakubwa wa pembe za vinanda duniani. Pembe zilizotoka Unguja zilipasuliwa vipande vyembamba, kisha zikaanikwa kwa majuma mengi ndani ya nyumba ndefu za vioo ili jua lizitakase rangi. Piano ya kawaida ina vibonyezo 88, na 52 kati yake ni vyeupe. Pembe moja kubwa ilitosha kuvika makumi ya piano. Mwaka 1909 peke yake viwanda vya Marekani vilitengeneza piano zaidi ya 300,000.

Katika wembamba wa vipande hivyo limejificha fumbo zima la ulaji. Hakuna nyumba iliyomla ndovu. Kila nyumba ilitumia sehemu ndogo, isiyozidi uzito wa kikombe na kisahani chake, nayo ikatumiwa kwa jambo jema: kumfundisha binti muziki, kuimba nyimbo za ibada, kukusanya jamaa jioni. Lau kila mnunuzi angaliulizwa, angalisema kwa kweli kwamba hakumdhuru mtu wala mnyama. Dhambi iliyogawanywa mafungu laki tatu haionekani katika fungu lolote; huonekana katika jumla tu, na jumla ilikuwa mbali, ng'ambo ya bahari mbili.

Kisa cha George Read chatosha kuwa ushahidi. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa biashara ya pembe ya Deep River, mtu wa kanisa na mpinzani wa utumwa wa Marekani, naye alimpa hifadhi mtumwa mtoro aliyekimbia kutoka kusini. Alifanya hivyo wakati ambapo jambo hilo lilikuwa na hatari, na sifa yake hiyo ni ya kweli. Pembe zilizomtajirisha zilikuja pwani juu ya mabega ya watu. Uchunguzi wa karibuni umeonyesha kwamba wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira. Lakini wengine walikuwa watumwa, na vita vya kutafuta pembe vilizaa mateka wengi. Read aliuona utumwa uliogonga mlango wake. Ule uliokuja ndani ya mzigo wa pembe hakuuona. Hakuwa mnafiki, alikuwa mlaji, na macho ya mlaji huishia dukani.

Je, hapakuwa na mwanafikira aliyeona zaidi ya hapo? Alikuwako. Mwaka 1864 George Perkins Marsh, mtu wa Vermont aliyekuwa balozi wa Marekani Italia, alitoa kitabu juu ya binadamu na maumbile ambacho wengi hukihesabu kuwa msingi wa fikira za mazingira za wakati huu. Humo alitoa mfano mdogo wenye maana kubwa: fundi wa Paris alipobuni kofia ya hariri, kofia za manyoya ya biva zikaacha kutakiwa, na biva, mnyama wa mito ya Amerika aliyekuwa karibu kumalizwa, akaanza kuongezeka. Mnyama wa msituni aliokolewa na badiliko la kofia mjini. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya vifaa vya biliadi ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu badala ya pembe kwa mipira ya mchezo huo, na John Wesley Hyatt akatengeneza seluloidi. Sababu haikuwa huruma. Ilikuwa bei na hofu ya upungufu. Hata hivyo mifano hii miwili ilifundisha somo moja, kwamba hatima ya mnyama huamuliwa mezani na kabatini kabla ya kuamuliwa porini.

Waliotunga sheria hawakulisoma somo hilo. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, alitoa amri ya uwindaji iliyotaka vibali na kutenga maeneo ya wanyama. Mwaka 1900 wajumbe wa dola za Ulaya walikutana London wakatia saini mapatano ya kuhifadhi wanyama wa Afrika. Hakuna Mwafrika aliyeketi pamoja nao. Mapatano yalilinda ndovu wachanga, na yalielekea kuzuia nyavu na mashimo, yaani zana za mwindaji maskini. Bunduki yenye kibali haikuzuiwa. Juu ya piano hapakuwa na neno. Miaka tisa baadaye ndipo piano laki tatu na zaidi zilipotengenezwa kwa mwaka mmoja. Mwindaji, ambaye jana alikuwa fundi mwenye heshima na nusu ya ndovu ilikuwa haki yake, akawa jangili. Na ile nusu ya nchi ikawa mali ya serikali, ikapigwa mnada.

Ilipita karibu karne nzima kabla sheria haijamgeukia mlaji. Mkataba wa kimataifa juu ya biashara ya viumbe walio hatarini ulitiwa saini Washington mwaka 1973, lakini ndovu wa Afrika waliendelea kupungua. Mwezi wa Julai 1989 Rais Daniel arap Moi aliwasha moto tani 12 za pembe Nairobi, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, mjini Lausanne, nchi wanachama zikapiga marufuku biashara ya pembe kati ya mataifa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizolitaka jambo hilo. Ujangili ulipungua, kisha haja ya pembe ikaamka tena katika nchi za Asia zilizotajirika upya. Katika Selous na maeneo yanayopakana nayo, ndovu waliokadiriwa kuwa kama 109,000 mwaka 1976 walikuwa kama 13,000 mwaka 2013. Mwisho wa mwaka 2017 China ilifunga soko lake la pembe. Kila hatua iliyoleta nafuu ilikuwa ile iliyogusa mkono wa mnunuzi; bunduki ya askari wa pori, ijapokuwa ni ya lazima, haikuweza peke yake kushindana na bei.

Ingekuwa rahisi kuufunga ukurasa hapa, na kuuacha mzigo kwa Connecticut na kwa China. Lakini kisa hiki kina kioo. Mwaka 2010 watafiti walichapisha uchunguzi juu ya misitu inayouzunguka mji wa Dar es Salaam. Waliona kwamba kati ya mwaka 1991 na 2005 ukataji ulitoka mjini kama mawimbi: wimbi la mkaa lilisogea kiasi cha kilomita 2 kila mwaka, na wimbi la magogo ya thamani kiasi cha kilomita 9. Huu ni mpaka wa ndovu uliorudi kwa umbo jingine, ila safari hii haja haikutoka ng'ambo ya bahari. Imo jikoni. Gunia la mkaa nalo husahau kwao. Mnunuzi hujua bei yake na kibanda alikolinunua, hajui ni msitu gani. Anayekamatwa ni mchomaji, aghalabu mtu asiye na shamba la kutosha, kama alivyokamatwa mwindaji. Na anayepika, kama yule aliyepiga piano, anafanya jambo jema lisilo na lawama: analisha watoto.

Kwa sababu hiyo fikira za mazingira zinazomlaumu mlaji kwa kula tu hazifiki mbali. Watu hula, na maskini hana jiko la kuchagua. Swali la ada ya kale ni jingine, tena ni gumu zaidi. Halikuuliza kama ndovu auawe au asiuawe. Liliuliza, akiisha kuanguka, nchi inapata nini. Katika bei ya gunia la mkaa imo sehemu ya mchomaji, ya mwenye lori, ya mwuzaji, na ushuru wa serikali ukilipwa. Sehemu ya msitu, itakayorudi kupanda miti na kulinda chemchemi, mara nyingi haimo. Mla jana alikula pembe zote mbili. Mla leo bado anayo nafasi ya kuacha moja chini.